Mfuateni Mkulima Mnadani

Kuna hoja inayosikika siku hizi kila panapojadiliwa biashara ya mazao, na Mtwara imeshafika. Inasema hivi: walaji wa Ulaya na Marekani wanataka kujua chakula chao kimetoka wapi, na sheria zinawabana wenye maduka makubwa wajue. Kwa hiyo mnunuzi wa kesho hatakubali korosho iliyochanganywa ghalani pamoja na za wakulima wengine elfu moja. Atataka korosho ya shamba fulani, la mkulima fulani, lenye alama kwenye ramani ya setilaiti. Chama cha msingi, ghala na mnada, wanasema, ni mambo ya jana. Njia ya mbele ni mnunuzi kumfuata mkulima shambani kwake, kufunga naye mkataba, kumpa mafunzo na cheti, kisha kumlipa kwa simu. Hiyo ndiyo wanayoiita biashara endelevu.

Hoja hii nimeisikia kwa watu ninaowaheshimu. Wamo maofisa wa miradi, vijana wa kampuni changa za programu za simu, na wamo wakulima waliochoshwa na makato ya AMCOS, yaani vyama vyao vya msingi. Siwatilii shaka nia. Nasema wamekosea, na kosa lao likishatendeka huku kusini halitarekebishika kwa urahisi. Mkulima wa korosho hafaidiki kwa kuwa mnunuzi anaijua sura yake na mipaka ya shamba lake. Anafaidika pale wanunuzi wengi wanaposhindania mzigo mmoja huku yeye akiwatazama, akiwa na haki ya kusema bei hii sitaki.

Wanaosifu ununuzi wa moja kwa moja wanausema kama kitu kipya. Kwetu si kipya. Tandahimba, Newala, Masasi, Nanyumbu, Mtwara Vijijini, kote huko mtu mzima yeyote anaijua kangomba. Mwezi Julai au Agosti mkorosho unataka salfa, mtoto anatakiwa kurudi shule, na akiba ya chakula imepungua. Mtu mwenye pesa anakuja nyumbani, anakaa kwenye mkeka, anakopesha. Korosho zikianza kudondoka anarudi kuchukua deni lake, na hapimi kwa mizani. Anapima kwa bakuli au kopo lake, kwa bei aliyoitaja mwenyewe siku ya kukopesha. Kagera wanakolima kahawa wana butura, ambayo ni kuuza mazao yakiwa bado maua. Ndugu hao wawili wana baba mmoja.

Sasa tazama mnunuzi wa kangomba anavyomjua mkulima. Anajua ana mikorosho mingapi na ipi imezeeka. Anajua mke anaumwa nini, na ada ya mtoto ni kiasi gani. Anajua gunia hili limetoka shamba lipi, maana amelifuata mwenyewe kwa pikipiki. Hakuna kampuni ya Rotterdam itakayowahi kuwa na taarifa kamili zaidi za chanzo cha korosho kuliko mtu huyo. Na katika ukaribu wote huo ndipo mkulima alipopunjwa kuliko mahali pengine popote. Kujulikana kwa mkulima hakujawahi kuwa ndiyo nguvu yake. Mara nyingi kumekuwa ndiyo udhaifu wake, kwa sababu anayekujua shida zako anajua pia bei ya chini kabisa utakayoikubali.

Stakabadhi ghalani iliingia kuvunja ukaribu huo. Sheria ya Stakabadhi za Ghala ilipitishwa mwaka 2005, na kuanzia msimu wa 2007/08 korosho za Mtwara zikaanza kuuzwa kwa mfumo huo. Mkulima anapeleka mzigo kwenye chama chake cha msingi, unapimwa kwa mizani, unatazamwa ni daraja la kwanza au la pili, anapewa stakabadhi yenye jina lake na kilo zake. Chama kinasafirisha hadi ghala kuu. Vyama vikuu, TANECU kwa Tandahimba na Newala, MAMCU kwa Masasi na Mtwara, vinatangaza mnada. Zamani barua za zabuni zilitumbukizwa kwenye sanduku na kufunguliwa mbele ya wakulima waliokusanyika. Siku hizi zabuni zinapitia Soko la Bidhaa Tanzania, TMX, mnunuzi anaweka bei akiwa kokote aliko, lakini wakulima bado wanakusanyika, bado wanaulizwa, na bado wanaweza kukataa.

Haki hiyo ya kukataa naiona kuwa ni kitu kikubwa kuliko cheti chochote. Oktoba 2018, wanunuzi walipoleta bei za kati ya shilingi 1,900 na 2,700, wakulima wa Tandahimba na Newala walisema hapana. Walisema pamoja, hadharani, na nchi nzima ikasikia. Mtu mmoja aliyefunga mkataba na kampuni, akiwa peke yake shambani na ofisa wa kampuni mwenye simu mkononi, anakataaje? Anamwambia nani? Jirani yake ana mkataba wake mwingine na wala hajui umeandikwa nini.

Najua nitajibiwa kwamba mwaka huo huo wa 2018 ndio ushahidi wa kuanguka kwa mfumo. Nakataa, na naomba tukumbuke mambo kwa mpangilio wake. Baada ya wakulima kukataa, wanunuzi wakasita. Novemba, Rais Magufuli akawaondoa mawaziri wawili, akaivunja Bodi ya Korosho, akaagiza jeshi likusanye korosho na serikali inunue kwa shilingi 3,300. Ilikuja timu ya uhakiki kuangalia nani ana shamba na nani ni kangomba. Malipo yakachelewa, watu wakasubiri hadi mwaka uliofuata, mzigo ukakaa maghalani. Januari 2019 ukatangazwa mkataba na kampuni ya Kenya iitwayo Indo Power wa kununua tani laki moja, na haukufika popote. Haya yote yalitokea baada ya mnada kuwekwa kando. Mnada ulikuwa umetoa taarifa sahihi, kwamba wanunuzi wa msimu ule hawako tayari kupandisha bei, na mkulima alikuwa bado na njia ya kusubiri mnada unaofuata. Kilichomuumiza ni kuondolewa kwa njia hiyo, hata kama aliyeiondoa alikuwa na nia ya kumtetea.

Angalia pia wakati wa uhakiki ule. Mtu aliambiwa athibitishe kwamba korosho hizi zimetoka shambani kwake, shamba likakaguliwa, miti ikalinganishwa na kilo. Wale wenye magunia yasiyolingana na miti yao walizuiwa malipo. Wengine walikuwa kangomba kweli. Wengine walikuwa na shamba la urithi lisilo na karatasi, au wamelima kwa shemeji, au wamekusanya za mama mzee asiyeweza kufika ghalani. Kusini tulishaonja ufuatiliaji wa korosho hadi mtini. Waliobaki nje hawakuwa matajiri.

Tuje kwenye mkorosho wenyewe, kwa maana hapa ndipo hoja ya mikataba inapopwaya zaidi, na wanaoitetea hawaigusi kabisa. Adui mkubwa wa mkorosho wa kusini ni ubwiriunga, ule ukungu mweupe unaokausha maua. Uliingia katika kumbukumbu za nchi hii mwishoni mwa miaka ya 1970, wakati zao lilikuwa tayari linayumba kwa sababu watu walihamishiwa vijijini na mashamba yakaachwa porini. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani 145,000. Katikati ya miaka ya 1980 zikabaki chini ya 20,000. Kilichoturudisha ni kazi ya watafiti wa kituo cha Naliendele, pale nje kidogo ya mji wa Mtwara, waliofundisha upuliziaji wa salfa na kusambaza miche bora, pamoja na wakulima walioanza upya kufyeka na kupogoa.

Ubwiriunga unasafiri kwa upepo. Ukipulizia wewe na jirani asipulizie, ukungu wa kwake utakuja kwako. Kwa hiyo afya ya mkorosho ni jambo la kijiji kizima, na haliwezi kugawanywa shamba kwa shamba. Kampuni inayochagua wakulima mia mbili wenye cheti katika kata yenye wakulima elfu tatu, ikawapa hao dawa na mafunzo na kuwaacha wengine, haijaulinda mkorosho. Imejipatia orodha nzuri ya kuonyesha kwenye ripoti. Na hata madhara ya salfa, ambayo yapo kweli, maana vumbi lake likizidi huongeza asidi kwenye udongo wetu wa kichanga, yanahitaji uamuzi wa eneo zima kuhusu lini kupuliza, kiasi gani, na lini kutumia dawa za maji badala yake.

Nani basi anayeweza kulipia kijiji kizima? Jibu tulishalipata, tukalipoteza, tukalirudia. Korosho ghafi inayotoka nchini hulipiwa ushuru wa kusafirisha nje, asilimia 15 ya thamani au dola 160 kwa tani, chochote kilicho kikubwa. Asilimia 65 ya ushuru huo ilikuwa inarudi kwenye tasnia kununulia pembejeo na kuendeleza zao. Msimu wa 2017/18 tukavuna tani zipatazo 313,000. Juni 2018 Bunge likabadili sheria, fedha yote ikaenda Mfuko Mkuu wa Hazina, wabunge wa kusini wakapiga kelele bila kusikilizwa. Salfa ikapanda bei, mashamba mengi hayakupuliziwa. Uzalishaji ukashuka hadi chini ya tani 200,000 msimu wa 2022/23. Pembejeo za ruzuku ziliporudi kwa ukamilifu, na hali ya hewa ikasaidia, msimu wa 2024/25 tukapita tani 520,000, kiwango ambacho kilikuwa hakijawahi kuonekana nchini.

Huo ndio uendelevu kwa mizani ya mkulima. Mti una dawa, dawa imelipiwa na zao lenyewe, na imewafikia wote, mwenye heka ishirini na mwenye mikorosho kumi nyuma ya nyumba. Mfumo huo unasimama juu ya mnada na bandari, kwa sababu ndipo mzigo unapoonekana na kutozwa. Mkiutawanya ununuzi katika mikataba elfu moja ya siri, nani atajua thamani halisi ya kutoza?

Mtetezi wa ramani za setilaiti namwomba pia ashuke hadi Kilambo, mahali pa kivuko cha mto Ruvuma, au Kitaya, kijiji kilichoshambuliwa na magaidi kutoka ng'ambo Oktoba 2020. Watu wa mwambao wa mto huu wana ndugu pande zote mbili. Wapo wanaolala Tanzania na kulima Msumbiji. Wapo waliokimbia Cabo Delgado wakapokewa na shangazi. Bei ikipanda upande huu, korosho za upande wa pili huvuka kwa mtumbwi. Ikipanda kule, zetu huvuka. Nani atachora mpaka wa shamba la familia kama hiyo, na akishauchora, nani atafutwa kwenye orodha? Kadiri masharti ya ramani yanavyokaza, ndivyo watu wa mto wanavyosukumwa kurudi kwa kangomba, mnunuzi asiyeuliza ramani. AMCOS ya kijiji, pamoja na kasoro zake, ina viongozi wanaojua nani analima wapi na inaweza kulitolea maelezo hilo mbele ya mkutano.

Anayetaka kuona ununuzi wa moja kwa moja ukifanya kazi leo bila mnada, asiende shambani, aende pwani. Kuanzia Msimbati hadi mdomo wa Ruvuma, ndani ya eneo la Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma iliyotangazwa mwaka 2000, kina mama hushuka mwambani maji yakitoka sana, bamvua, wakachokoa pweza kwa vijiti. Pweza huyo anauzwa nje. Lakini mwenye barafu ndiye mwenye bei. Wakala wa mnunuzi anakaa ufukweni na boksi lake. Pweza bila barafu hamalizi siku. Mama hana pa kwenda kulinganisha. Ndiyo mnyororo mfupi kuliko wote, mkono wa mvuvi hadi mkono wa wakala, na kila mmoja anamjua mwenzake kwa jina. Mjini Mtwara sokoni Feri samaki hunadiwa, watu wanapaza sauti, bei inapanda. Kule mwambani, ambako hifadhi ya bahari imewawekea wavuvi masharti mengi kuhusu nyavu na maeneo, hakuna aliyewawekea wanunuzi sharti hata moja la kushindana.

Hilo linanifikisha kwenye jambo linaloniudhi kuliko yote. Macho yote ya ufuatiliaji yanamtazama mkulima. Aeleze shamba lake, watoto wake kama wanasoma, miti aliyokata, dawa aliyonunua. Korosho ikishapakiwa kwenye meli pale bandarini Mtwara, macho yanafumbwa.

Sehemu kubwa kabisa ya korosho zetu inaondoka ikiwa ghafi kwenda India na Vietnam kubanguliwa. Kati ya kila tani nne zinazopakiwa, karibu tatu ni ganda, na ganda hilo linavushwa Bahari ya Hindi kwa mafuta ya meli. Kiini kikishatoka kinasafirishwa tena kwenda Ulaya na Marekani. Mwaka 2011 shirika la Human Rights Watch lilichapisha ripoti kuhusu vituo vya kurekebisha watumiaji wa dawa za kulevya huko Vietnam, ambamo watu waliofungiwa walilazimishwa kufanya kazi, kubangua korosho ikiwa mojawapo, kwa malipo duni au bila malipo. Ganda la korosho lina mafuta yanayounguza ngozi. Kila mbanguaji wa Mtwara anajua hivyo na hupaka majivu au mafuta mikononi. Hapo ndipo mahali penye uchungu katika mnyororo huu, ganda linapopasuliwa. Hapo ndipo thamani pia inapoongezeka. Na ndipo penye maswali machache kuliko shambani kwa mzee wa Kitangari.

Simwambii mtu kwamba kubangua hapa ni rahisi. Viwanda vya miaka ya 1970, vilivyojengwa kwa mikopo na mitambo ya Italia na Japani, vilikaribia kuanza wakati zao linaporomoka. Vingi vikafungwa, vikauzwa, vikageuzwa maghala. Walionunua wengine walishindwa kwa sababu kiwanda kinataka mtaji wa kununua korosho za mwaka mzima ndani ya miezi mitatu, na riba ya benki inakula faida kabla mashine hazijawashwa. Lakini hilo ni tatizo la mtaji na sera, na kampuni inayosema inajali uendelevu ina uwezo mkubwa wa kulitatua kuliko mkulima alivyo na uwezo wa kujaza fomu zao. Iwape wabanguaji wa Mtwara, ambao wengi ni wanawake, mkataba wa kununua viini kwa miaka mitatu. Benki itakopesha juu ya mkataba huo. Hapo mnyororo utakuwa umefupishwa kweli, kwa maili za bahari.

Dunia yenyewe imetupa sababu. Mwaka 2021 makontena yaliadimika na nauli zikaruka. Mwishoni mwa 2023 mashambulizi katika Bahari ya Shamu yakafanya meli nyingi zizunguke Rasi ya Tumaini Jema. Aprili 2025 Marekani ilitangaza ushuru wa asilimia 46 kwa bidhaa za Vietnam na 10 kwa za Tanzania. Wa Vietnam baadaye ukashushwa hadi 20, lakini kila mnunuzi wa viini alipata somo kuhusu kutegemea mlango mmoja. Sisi somo tulilipata mapema zaidi. Agosti 2017 India ilipowekea mbaazi mipaka ya kuingia, bei Lindi na Mtwara ilianguka ndani ya msimu mmoja, na wakulima wakaacha mbaazi zikauke shambani. Hakuna cheti ambacho kingezuia hilo.

Kuhusu hizo sheria za Ulaya tunazotishiwa nazo: ile ya bidhaa zinazohusishwa na ukataji misitu, ya mwaka 2023, inataja ng'ombe, kakao, kahawa, mawese, mpira, soya na mbao. Korosho haimo. Utekelezaji wake umeahirishwa zaidi ya mara moja. Ile ya wajibu wa kampuni kubwa kuchunguza minyororo yao, ya mwaka 2024, ilianza kuahirishwa na kupunguzwa mwaka 2025 kabla haijaanza kutumika. Siwalaumu wenye Bunge lao. Nasema ni makosa kumvunjia mkulima wa Nanyamba mfumo wake wa kuuzia kwa sababu ya sheria isiyolitaja zao lake na ambayo wenyewe walioitunga hawajakubaliana nayo.

Na hata siku Ulaya ikiitaja korosho, mnada hauwi kikwazo. Kila mzigo unaonadiwa unajulikana umetoka ghala gani na AMCOS zipi. Wakulima wamesajiliwa kupata pembejeo za ruzuku. Stakabadhi ina jina. Anayetaka kujua chanzo anaweza kufika hadi kijijini bila kumgusa mkulima kwenye bei yake. Asichoweza kukipata kwa njia hii ni kumnunua mkulima mmoja nje ya macho ya wenzake.

Sasa nije kwa wale wakulima waliochoka, kwa sababu hasira yao ni ya haki na mficha uchi hazai. AMCOS zimeiba. Makato yamejificha ndani ya makato: ushuru, usafirishaji, magunia, unyaufu, hadi mtu anapokea fedha asizoweza kuzipigia hesabu. Aprili 2013 Liwale ilichomwa moto, nyumba za viongozi zikateketea, baada ya wakulima kuambiwa malipo ya pili yamepungua kuliko walivyoahidiwa. Aliyesahau Liwale hafai kuongelea ushirika. Lakini walioandamana Liwale walijua wamepunjwa kwa sababu bei ilikuwa imetangazwa. Wizi wa AMCOS unaonekana, una mkutano wa kuhojiwa, una mkaguzi, una mahakama. Tangu wakati ule malipo ya awamu yameondolewa na fedha zinapita benki kwenda kwa mkulima. Mfumo umerekebishika kwa sababu uko hadharani. Mkataba wa kampuni ukikupunja utakuwa umekupunja kihalali, kwa sahihi yako.

Bei yenyewe inasemaje? Mnada hauwezi kupandisha soko la dunia. Katika msimu wa 2022/23 tuliuza karibu na shilingi 2,000 na tukalalamika. Oktoba 2024 mnada wa kwanza ulifika shilingi 4,120 kwa kilo, kama dola moja na nusu. Mapema mwaka huo huo, nchini Ivory Coast, inayoongoza duniani kwa uzalishaji, bei ya chini ya shambani iliyotangazwa na serikali ilikuwa faranga 275, kama senti 45 za dola. Sehemu ya tofauti hiyo ni majira: wao huvuna Februari hadi Juni, soko likapanda baadaye, nasi huuza wakati wao wamemaliza. Sehemu ni ubora wa korosho yetu. Lakini hata majira na ubora havimfaidishi mkulima mpaka wanunuzi wawili wakutane mahali pamoja na kuvigombania.

Kwa hiyo nawaomba wakulima wa kusini: mtu akija msimu huu na mkataba mzuri wenye picha za mkorosho, mwambieni ausome mbele ya mkutano wa chama, na mumuulize bei itapangwa na nani siku ya kuvuna. Nawaomba wabunge wetu wailinde fedha ya ushuru ibaki kwenye salfa, miche na ubanguaji, kwa sheria isiyobadilika kila bajeti. Na kwa kampuni zinazotaka korosho yenye chanzo safi, milango iko wazi: jisajilini TMX, wekeni bei ya juu kuliko mwenzenu, lipeni kwa wakati, kisha mbangue hapa Mtwara. Mnada wa kwanza hufunguliwa Oktoba.